Atupele na Maua ya Kilima cha Upepo

Usiku ule nilijilaza na viatu miguuni, kwa sababu sikukusudia kulala. Nilikusudia kungoja majirani wazime taa zao, kisha nitokee mlango wa jikoni, nishuke bondeni mpaka kwa Gwamaka, nikalichome ghala lake. Mafuta ya taa nilikuwa nimeyanunua mchana kweupe. Muuza duka aliniuliza kama umeme umekatika tena kwangu, nikamjibu kwamba nataka kuwashia mkaa. Wala sikuona vibaya kumdanganya. Tangu tumzike rafiki yangu Atupele, ile ndiyo siku ya kwanza niliyoona njaa, nikala ugali mpaka nikafuta sahani.

Inafaa niseme Atupele alikuwa nani, maana ndiye aliyekuja.

Tulikuwa majirani tangu ujana wetu, huku juu kwenye nyanda za baridi ambako sweta halivuliwi hata mwezi wa Krismasi. Mimi nafuma masweta ya wanafunzi kwa mashine. Yeye alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Moyo wake ulikuwa mkubwa, na hapa nasema kwa maana ya daktari: ulikuwa umetanuka, na alipopanda mlima alisimama kila mara kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Hakujaliwa mume wala mtoto. Mama yao alipofariki, alimlea mdogo wake wa kiume, Gwamaka, akamsomesha, akamwozesha. Ukimtoa Gwamaka, kitu kingine alichokuwa nacho duniani kilikuwa kamera.

Aliipata mnadani, kwenye rundo la chaja na rimoti zisizo na wenyewe. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha, inaingia kwenye mfuko wa aproni. Ubavu wake ulikuwa na ufa, na kifuniko cha lenzi hakikufunguka mpaka ukisukume kwa ukucha. Watu wenye simu nzuri waliicheka. Lakini ilikuwa na kitufe chenye alama ya ua. Atupele alinieleza kwamba ukikibonyeza kile, kamera inakubali kuona kitu cha karibu. Usipokibonyeza, ukisogea tu kila kitu kinageuka ukungu. Baadaye hata ukaribu huo haukumtosha. Alichukua kioo kimoja cha miwani ya kusomea ya marehemu mama yake, akakifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa nywele, na kwa njia hiyo akaweza kuona chavua imekaa juu ya ua kama unga wa muhogo kwenye kidole.

Maua yake yalikuwa ya porini, yale yanayoitwa okidi, yanayochomoza kwenye nyasi za Kilima cha Upepo mvua zikikolea. Kwa mbali huoni kitu. Ukiinama unaona kijiti chenye vidoa vya waridi. Atupele alikuwa anataka mtu aone zaidi ya hapo. Alikwenda asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, akalala kifudifudi juu ya gunia, akailaza kamera juu ya kimfuko cha maharage ili isicheze. Nyuma ya ua alisimamisha kitambaa cheusi. Mimi nilikuwa mshika kifuniko cha sufuria: kipya, kinachong'aa, nakielekeza jua liingie chini ya ua penye kivuli. Kisha aliitegesha kamera ijihesabie yenyewe kabla ya kupiga, ili kidole chake kisiitikise, na wakati inahesabu alikuwa hapumui. Nilikuwa namwogopea, na moyo ule.

Alisafishia picha zake studio ya mjini, akazibandika ukutani sebuleni kwake. Kila aliyeingia alishangaa kwamba vitu vile vipo kilimani petu: koo za njano zenye madoa, midomo yenye nyuzi, ua moja lenye umbo la mtu aliyevaa kofia. Atupele alizoea kusema kwamba ukishaliona ua kwa karibu, huwezi tena kulikanyaga. Aliliamini neno hilo kama Maandiko.

Gwamaka alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada kula kwa dada yake. Alisimama mbele ya picha zile, mikono nyuma, akauliza. Hili lina jani la namna gani? Hili liko upande gani wa kilima? Lile jingine linaota penye maji au penye mawe? Atupele alimjibu mpaka chakula kikapoa. Jioni moja aliniambia kwamba anamshukuru Mungu, hatimaye mdogo wake amependa anachokipenda yeye. Nami nikasema amina.

Maua yale yana viazi chini ya ardhi, vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba. Ng'ambo ya mpaka watu huvisaga, wakavipika pamoja na karanga, na ni chakula chao cha heshima. Wanunuzi hufika mpaka huku. Vilima vingi vilishachimbwa zamani. Chetu kilipona kwa sababu nyasi zake ni ndefu na hakuna aliyejua viazi vimekaa wapi, isipokuwa mwanamke mmoja aliyelala humo kila asubuhi na kamera yake.

Mvua zilipokuwa zinaishia, mimi nina kazi nyingi za masweta, Atupele alipanda peke yake. Aliporudi alipitia kwangu, akakaa kwenye kigoda. Nilimpa chai akaishika bila kunywa. Aliniambia kwamba wamechimba kote. Nilimuuliza ni nani, akaitazama chai. Kesho yake nilikwenda mwenyewe nikakuta kilima kama kimepitiwa na nguruwe, mashimo juu ya mashimo, na mashina ya maua yametupwa yakiwa bado na rangi.

Hakurudi tena kazini. Hakulalamika, hakulia, alipungua tu kama utambi. Mwezi haukuisha tukamzika, amevaa sweta la zambarau nililomfumia mimi. Gwamaka alilia kaburini mpaka wanaume wakamshika mabega. Tulipoanua matanga aligawa vitu vya dada yake, na kamera akanipa mimi, akisema ni kitu kisicho na kazi lakini walau nitapata kumbukumbu.

Kisha nikaenda kwake kurudisha masufuria makubwa ya msiba. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, nikaona niyaweke humo. Mle ndani mlikuwa na harufu ya udongo mbichi. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka usawa wa kifua, yametiwa mchanga wenye unyevu ili vilivyomo visisinyae. Moja halikufungwa vizuri. Viazi vile nilivijua. Na juu ya gunia hilo zililala picha za Atupele, zile zenye majani na zile zinazoonyesha mawe ya kilimani, zimebanduliwa ukutani, zimejaa alama za vidole vyenye matope.

Mkewe alirudi kutoka kisimani akanikuta nimesimama pale. Hakujua lolote la kuficha. Aliniambia mnunuzi anakuja Jumamosi, ndipo ghala litapata nafasi. Nikamsaidia kutua ndoo, nikaaga.

Sikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Sikumwambia mchungaji. Nilitaka jambo lile lifanywe na mkono wangu, nami niwe nimesimama karibu kiasi cha kusikia joto usoni. Ndiyo maana nililala na viatu.

Usingizi sijui ulinipitia vipi. Nilisikia mtu nje anakwangua sufuria, vile wapishi wa shule wanavyokwangua ukoko. Nikafungua mlango wa jikoni nikitarajia giza, nikakuta asubuhi. Nyasi zilianzia kizingitini. Kilima chote kilikuwa kimeshuka mpaka mlangoni kwangu, na kimejaa maua, na hakuna ua linalotikisika.

Atupele amelala kifudifudi juu ya gunia, amenipa mgongo. Naliona sweta la zambarau, naona hata mahali nilipokosea mshono karibu na kwapa. Najua amekufa. Najua pia kwamba si adabu kumkumbusha. Kwa hiyo nachuchumaa mahali pangu pa siku zote, naokota kifuniko cha sufuria na kukielekeza jua.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha nikaanza kumwambia. Nilimwambia nimejua ni nani, nikamweleza magunia, picha, matope ya vidole, na mafuta ya taa yaliyo chini ya meza yangu. Nilisema haraka haraka, kama mtoto anayemsemelea mwenzake. Kamera ikatoa mlio wake. Hapo Atupele akageuka.

Miaka yote ile nilimwona amechoka, nilimwona anaumwa, nilimwona amedharauliwa na watu wadogo kuliko yeye. Hasira usoni pake sikuwahi kuiona. Sasa ipo. Imetulia machoni na mdomoni, na haina haraka. Nami naifurahia. Nafikiri moyoni, ahaa, kumbe nawe unataka.

"Nenda," anasema.

Na tayari nimefika. Nimesimama ghalani kwa Gwamaka, dumu limeshakuwa tupu mkononi, na moto unapanda ukutani bila mimi kuwasha. Ni moto mzuri. Magunia yanapasuka, mchanga unamwagika, mbao zinalia. Nacheka. Nasema kwa sauti kwamba hii ni ya Atupele, na hii ni ya Atupele, na kila nikilitaja jina lake moto unaongezeka.

Kisha nikasikia harufu ya sufu inayoungua. Nilifuma maisha yangu yote, harufu hiyo siwezi kuikosea. Atupele amekaa juu ya magunia katikati ya moto. Ameyakumbatia kwa mikono miwili, kama mama mwenye watoto wengi kuliko mikono yake. Sweta linaungua begani. Ananitazama, na hasira ile ile iko usoni, nami naelewa sasa kwamba imenielekea mimi.

"Gwamaka yuko wapi?" ananiuliza.

Nikatazama huku na huku. Hayumo. Upande wa pili wa ukuta mtu anakoroma, taratibu, usingizi wa aliyeshiba.

"Unachoma vyangu," anasema.

Nikaupiga moto kwa kanga, nikaupiga kwa viganja. Nilipouma meno kwa maumivu nikaona kwamba ninachopiga ni ukuta. Tuko sebuleni kwake. Picha zipo, ila kuna mapengo, na kila pengo limeacha alama nyeupe ya pembe nne. Atupele anaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, ingawa mimi sikuliwekea mfuko, anatoa kiazi kimoja kidogo na kukilaza dirishani juu ya kimfuko cha maharage. Ananipa kamera.

"Sogea."

Nasogea. Ni ukungu mtupu.

"Sogea tena."

Nimesogea mpaka pumzi yangu inatia mvuke kwenye kioo cha miwani ya mama yake. Nazuia pumzi. Ukungu unaachia kidogo kidogo, na ndani yake naona kichwa cha chipukizi, cha kijani, kidogo kuliko ncha ya sindano, kimeinama kidogo kama mtu anayechungulia mlangoni. Kinaishi. Nilitaka kumwambia kinaishi, lakini dirisha lilikuwa limekwisha kuondoka na mimi nilikuwa nimelala chini.

Nyasi zinanichoma shavu. Kifuani kwangu kunapiga moyo usio wangu, mzito, unaburuta, unaruka pigo moja na kulipa kwa mawili. Mbele ya jicho langu kuna kamera, na mbele ya kamera kuna ua moja lililochelewa, la waridi, koo yake ya njano. Nyuma ya ua kuna kitu cha bluu. Siwezi kujua ni nini, kwa sababu kamera iko kwenye alama ya ua na haioni mbali. Ni doa tu la bluu, linainama na kuinuka, linainama na kuinuka. Lakini masikio hayana kitufe. Nasikia jembe likiingia ardhini. Na nasikia mwanamume anaimba wimbo ambao mama yao alikuwa akiwaimbia wakati wa kumenya viazi, na anakosea neno lile lile alilokuwa akilikosea utotoni.

Naijua sauti. Sitaki kuijua, na moyo huu usio wangu nao hautaki. Tungeweza kuinuka, tukamwita kwa jina. Hatuinuki. Aibu imetulaza, aibu ya kuona jambo ambalo aliyelifanya ndiye aliyepaswa kulionea aibu. Moyo unagonga kwenye udongo, naogopa atausikia. Jembe linakaribia. Ua la waridi linatetemeka bila upepo, kisha linashuka taratibu na kutoka kwenye kioo, na kinachobaki ni anga.

Atupele amekaa kando yangu. Vidoleni ana udongo. Ameufungua ule mpira mbele ya lenzi na anafungia nywele zake, kama alivyokuwa akifanya kila alipomaliza kazi. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Alikuwa anakitazama kilima, nacho ni cha mashimo tena.

"Mwambie nilikuwepo," alisema. "Mwambie nilikuwa nimelala kwenye majani, naye anaimba wimbo wa mama."

Nikamuuliza, halafu?

"Vyote avirudishe. Kwa mikono yake, si yako."

Nilitaka kumuuliza kama bado moyo unamuuma. Nilinyoosha mkono nikalishika sweta, lilikuwa limelowa umande, nikalivuta, nikaamka nimeshika blanketi.

Kulikuwa kunapambazuka. Viatu vilikuwa bado miguuni na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Sitasema niliamka na amani, kwa kuwa hasira haikupungua hata chembe. Ila jana ilikuwa kama maji yaliyomwagika ovyo, na sasa ilikuwa imepata mfereji. Nilikaa kitandani nikayarudia yale maneno kwa sauti, mara nyingi, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichotumwa. Kisha nikajifunga kanga, nikachukua kamera, nikashuka bondeni.

Gwamaka alikuwa uani anapiga mswaki. Alinikaribisha vizuri, akaniita Mama Lusajo kama watu wote wanavyoniita, akataka kumwamsha mkewe anipikie chai. Nilikataa chai. Nilimwambia nina ujumbe wake kutoka kwa dada yake.

Alidhani ni jambo la wasia. Akasubiri, povu mdomoni.

"Anasema alikuwepo," nikamwambia. "Alikuwa amelala kwenye majani, nawe unaimba wimbo wa mama yenu."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Haukushtuka. Ulilegea, kama nyumba iliyotolewa nguzo lakini bado haijaanguka. Alifuta mdomo kwa mkono wa shati. Aliniuliza ni nani aliyeniambia, nikamjibu ni yeye mwenyewe. Akasema haiwezekani, dada alikaa wiki zile zote kabla ya kufa wala hakumwambia neno, na Jumapili aliendelea kumpakulia chakula. Nikamjibu kwamba ni kweli, hakusema, amengoja akatuma.

Alikaa juu ya gogo la kuchanjia kuni. Alizungumza akiangalia chini, polepole, nami nikamwacha.

"Niliona gunia limelala kwenye nyasi," alisema. "Nilidhani ni la mchimbaji mwenzangu. Sikusogea kuangalia."

Gunia mimi sikuwa nimemtajia.

Nikampa sehemu ya pili ya ujumbe. Alianza kunieleza habari za mnunuzi, ahadi aliyompa, gari lililokwisha kukodiwa. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia kwamba yeye yuko huru. Ila mimi nitasimama kanisani Jumapili baada ya matangazo, nitautoa ujumbe wa dada yake kama nilivyoutoa pale, neno kwa neno, na Jumapili nyingine nitasimama tena, na sitaacha mpaka nami nizikwe. Na mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kusikia yote, akasema neno moja tu: "Beba."

Akabeba gunia la kwanza.

Ilimchukua siku nyingi. Alipanda na magunia mgongoni asubuhi, akashuka jioni. Alipiga magoti penye kila shimo, akaweka kiazi, akafukia kwa viganja, maana jembe nilimkataza. Mimi nilikaa juu ya jiwe na picha za Atupele mapajani, nikimwelekeza kila aina ilipokuwa imeota, ingawa alipajua kuliko mimi. Sikumshikia hata kiazi kimoja. Alipolia sikugeuza uso, na niseme kweli ya Mungu, kulia kwake kulikuwa kutamu. Siku moja alipokuwa anafukia nilishuka kwenye jiwe, nikalala kifudifudi mbele yake, nikabonyeza alama ya ua, nikasogea mpaka mikono yake ikajaa kwenye kioo: nyufa za kucha, udongo ulioganda, malengelenge yaliyopasuka. Hakuiondoa. Picha hiyo niliisafisha mjini nikaibandika ukutani kwangu. Wanaofika huniuliza ni mikono ya nani, nami huwaambia.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, akatukana, akaondoka na gari tupu.

Vingi vilioza. Sitaki kumdanganya mtu kwamba kilima kilirudi kama zamani. Upande wa chini mpaka leo ni nyasi tu, na nafikiri utabaki hivyo. Lakini mvua zilipokolea nilianza kuona majani niliyoyajua. Nilikuwa napanda peke yangu, na mara nyingi nilimkuta Gwamaka ameshatangulia. Hatukuzungumza. Aling'oa magugu, akafukuza mbuzi wa watu, akashuka.

Asubuhi ua la kwanza lilipofunguka, la waridi, koo yake ya njano, nilimkuta amechuchumaa hatua kadhaa kutoka hapo, kofia mkononi, hathubutu kulikaribia. Nilitandika gunia nikalala. Niliweka kimfuko cha maharage, nikakifunga kioo cha miwani mbele ya lenzi. Upepo ulikuwa haujaamka. Nilikuwa nimeshazuia pumzi aliposema, kwa sauti ndogo sana.

"Mama Lusajo. Siku ile alipokuja, alisema amenisamehe?"

Nilingoja mpaka kamera ilipotoa mlio wake.

"Hilo sikutumwa," nikamwambia.